Wasomaji Wanauliza: Ua la Mlimani Ligeuze Uone Mgongo

Mvua zimeshuka kwenye uwanda wa maua wa Kitulo, na barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na picha za maua. Tunaanza na swali lililoulizwa na wengi, kwa maneno tofauti.

Ndugu wahariri, ninaongoza wageni njia ya Marangu, Kilimanjaro. Simu yangu ina picha zaidi ya 200 za maua, safi kabisa, lakini kila ninayemtumia ananijibu kwamba hazitoshi kutambua spishi. Kosa langu liko wapi? — Mwongoza wageni, Moshi

Simu yako haina kosa. Umepiga nyuso tupu. Ua likitazamwa kwa mbele linatoa rangi na idadi ya petali, na hivyo viwili ndivyo vinavyodanganya kuliko vyote. Mlimani kwako kuna maua ya njano ya jamii ya alizeti ya kutosha kumchosha mtaalamu yeyote, na kwa mbele yanafanana kama mapacha.

Geuza ua. Chini ya kichwa chake utaona vijani vidogo vinavyokikumbatia, huitwa brakti. Kwenye Senecio, brakti kubwa zimejipanga safu moja, na pale chini kwenye kikonyo kuna nyingine ndogo ndogo kama zimesahaulika. Kwenye Euryops, safu ni moja vilevile lakini brakti zimeungana upande wa chini zikawa kikombe. Kwenye Helichrysum ziko safu nyingi zilizopandana kama vigae, kavu kama karatasi. Picha moja ya mgongo ingetenganisha jenasi hizo tatu, yaani makundi ya spishi za karibu, kabla mtu hajauliza swali la pili.

Kwa kila mmea piga picha saba, kwa mpangilio uleule kila siku ili mkono uzoee. Ya kwanza ni mmea mzima pamoja na mahali ulipo: je, ni kando ya kijito, kwenye mwamba, au chini ya miti ya Erica? Ya pili ni uso wa ua. Ya tatu ni ubavu, kwa sababu mikia na mirija ya maua huonekana kwa ubavu tu. Ya nne ni mgongo. Ya tano ni jani upande wa juu, ya sita ni jani hilohilo limegeuzwa. Vinyweleo vyeupe vya chini ya jani vimemaliza ubishi mwingi. Ya saba ni shina, pale jani linaposhikana nalo, ili ionekane kama majani yanakaa mkabala mawili mawili au yanapishana. Likiwapo tunda, ongeza ya nane. Katika mojawapo ya picha hizo weka rula. Ile ya plastiki ya sentimita 15 ukiikata ibaki 10 inaingia mfukoni bila shida. Kazi yote ni dakika nne, na wageni wako watashukuru kupumua.

Andika na kimo cha mahali ulipo. Simu huweza kukosea kwa makumi ya mita na haina neno, maana kinachotakiwa ni kujua kama ulikuwa msituni karibu na kambi ya Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, au kambi ya Horombo, kwenye mita 3,700 hivi. Vipokezi vya satelaiti vya simu hufanya kazi hata pasipo mtandao, kwa hiyo washa kipengele cha mahali kabla ya kupita geti. Jina la Kichaga kama wazee wanavyoliita liandike pia, lakini usilifanye ushahidi wa spishi: jina moja la kienyeji huweza kubeba mimea mitatu.

Shikamooni. Msituni juu ya Marangu kuna maua mekundu yenye mkia, na mengine madogo meupe au ya waridi yenye mkia pia. Halafu nimeona ya katikati, si haya wala si yale. Ni aina tatu? — Mwanafunzi wa sekondari, Kilimanjaro

Marahaba. Umetazama vizuri. Yale mekundu yenye mkia mnene uliojikunja ni Impatiens kilimanjari, ambayo haipatikani porini popote duniani isipokuwa kwenye mlima wenu. Yale madogo yenye mkia mwembamba ni Impatiens pseudoviola. Na ya katikati ni watoto wao: spishi hizi mbili zikikutana huchavushana, na chotara hutoka na rangi na mkia wa kati kwa kati. Kwa hiyo spishi ni mbili, na chotara juu.

Huo mkia si petali. Ni sepali (jani la nje la ua) ya chini iliyorefuka ikawa mfuko wa nekta, na umbo lake ndilo linaloamua nani anakunywa: ua jekundu lenye mfuko mpana limekaa kwa ajili ya chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mrefu. Ndiyo maana picha ya mbele haina faida hapa. Piga ubavu, rula sambamba na mkia. Usiminye tunda, litapasuka na kurusha mbegu, kisha utakuwa umebaki na vipande tu vya kupiga picha.

Mlima Kenya kuna lobelia mbili kubwa zinazokua jirani. Wapagazi wanazitofautisha kwa mbali, mimi nashindwa hata nikisimama karibu. — Msomaji, Nanyuki

Tazama nguzo ya maua, si majani. Lobelia telekii imevaa manyoya: brakti zake ni ndefu, nyembamba, zenye vinyweleo, zinaning'inia mpaka zinayafunika maua yenyewe. Ukitaka kuliona ua la bluu inakubidi uzipenue kwa kidole. Lobelia gregoriana ina brakti pana na fupi, zimekaa kama magamba, na maua ya bluu yanachungulia katikati yake.

Kama nguzo haijatoka, chungulia ndani ya shada la majani. La gregoriana hushika maji kama bakuli. Usiku maji hayo huganda juu na kukinga kichipukizi kilicho chini. Tazama pia udongo: gregoriana hupenda mabonde yenye unyevu, telekii hupanda kwenye miteremko mikavu yenye mawe. Tofauti nyingine inahitaji subira. Telekii huwa na shada moja, huchanua mara moja, hutoa mbegu na kufa. Gregoriana ina mashada kadhaa yaliyounganishwa chini ya ardhi, na lile lililochanua likifa, ndugu zake wanaendelea.

Onyo dogo kuhusu majina. Gregoriana utaikuta katika maandishi ya zamani ikiitwa keniensis, au ikihesabiwa chini ya Lobelia deckenii, ambayo ni ya Kilimanjaro. Telekii haimo Kilimanjaro kabisa. Mtu akikuletea picha yake akasema aliipiga Shira, Kilimanjaro, kuna folda zimechanganyika. Na ukiona lobelia ndefu kuliko mtu ndani ya msitu, chini kabisa ya nyasi za juu, hiyo huenda ni Lobelia gibberoa, wala haimo kwenye ugomvi huu.

Nitawapeleka wanafunzi Kitulo. Okidi zinatupa shida: tunajua ni okidi, basi. Tuanzie wapi? Na je, tunaweza kuchimba moja kwa ajili ya darasa? — Mwalimu, Makete

Mwalimu, tuanze na la pili maana jibu lake ni fupi: hapana. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na hakuna kinachong'olewa. Hata nje ya mipaka yake, okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kuna sababu ya karibu zaidi, na wanafunzi wako huenda wanaijua majumbani: viazi vya okidi huchimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kupikwa chikanda, vikisagwa na kuchanganywa na karanga. Okidi ya ardhini huishi kwa viazi hivyo. Ukivitoa, umeutoa mmea.

Sasa utambuzi. Uwanda ule una aina 45 za okidi za ardhini kati ya aina 350 hivi za mimea, na hakuna anayeanza na 45. Anza na jenasi tatu, Disa, Satyrium na Habenaria, na swali moja: mkia uko wapi, na ni mingapi?

Okidi yoyote ina sepali tatu na petali tatu, na petali moja kati ya hizo imebadilika ikawa mdomo. Kwenye Satyrium mdomo uko juu, umejikunja kama kofia, na nyuma yake kwa kawaida inashuka mikia miwili. Ukiona miwili, kazi imekwisha. Kwenye Disa kofia iko juu vilevile, ila hii ni sepali, na mkia ni mmoja tu, unatoka kwenye kofia yenyewe. Kwenye Habenaria mdomo uko chini, mara nyingi umepasuka ncha tatu kama uma, na mkia mmoja unaning'inia kutoka nyuma ya mdomo huo. Habenaria nyingi ni za kijani au nyeupe, kwa hiyo wanafunzi huzipita wakikimbilia za waridi. Waambie warudi. Kwao mkia ni kipimo: urefu wake ukilinganishwa na ovari (sehemu ya ua inayogeuka tunda), na kama ncha yake imevimba au ni nyembamba mpaka mwisho, ndivyo vinavyotenganisha spishi na spishi.

Gawa darasa katika vikundi vya watu wanne: mmoja ashike rula, mmoja apige picha, mmoja aandike, wa nne alinde miguu ya wenzake. Hatusemi kwa mzaha. Madhara makubwa ya wapiga picha huko Kitulo, Bustani ya Mungu, ni magoti na viatu: mtu amelala kifudifudi kwa ajili ya okidi moja iliyochanua huku ameponda tano ambazo hazijatoa shina. Simameni njiani, tazameni chini kwanza, kisha aingie mmoja tu.

Jambo la mwisho ni mahali. Picha ya simu hubeba ndani yake namba za mahali ilipopigwa. Mtambuzi anazihitaji, mchimbaji anazihitaji zaidi. Kwenye jukwaa la kutambua viumbe kama iNaturalist chagua mpangilio wa kuficha eneo, ili watu waone alama iliyosogezwa ovyo ndani ya mraba wa kilomita 20 hivi kila upande. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida, namba hizo huondolewa. Ukituma kama hati, zinakwenda nazo. Mtumie mtaalamu hati. Kundi la kijiji litumie picha.

Mwende Desemba hadi Aprili. Mvua zikikolea, ile barabara ya kona nyingi ya kupandia kutoka Chimala, wenyewe wanaiita Hamsini na Saba, inataka gari la uhakika na dereva asiyeona haya kurudi nyuma.

Maua mekundu yananishinda. Kniphofia na gladiolasi zinatoka kama doa la rangi, hakuna mstari wala mkunjo unaoonekana. Kamera ni nzuri, lenzi ni nzuri. — Mpiga picha, Mbeya

Kamera hupima mwanga kwa wastani wa rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu. Ua jekundu katikati ya nyasi hujaza nyekundu hadi pomoni wakati wastani bado unaonekana wa kawaida. Nyekundu ikishajaa haina pa kuandika tofauti ya mkunjo na mkunjo, ndipo unapata doa. Fungua grafu ya mwanga inayoonyesha rangi zote tatu kila moja peke yake, si ile nyeupe ya jumla. Kama mlima wa nyekundu umegonga ukuta wa kulia, punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga cha kamera), piga tena, na ikibidi fika stopu nzima. Nyasi zitakuwa nyeusi kidogo; hizo utazipandisha baadaye. Piga faili ghafi (RAW) kama kamera inaruhusu. Kwa simu, gusa ua kwenye kioo, shikilia hadi fokasi ijifunge, kisha vuta alama ya jua kushuka.

Wingu jepesi ni rafiki yako hapa. Jua la saa sita linatia mng'ao mweupe juu ya petali, na mng'ao huo hauondoki kwa programu yoyote. Wingu likikosekana, fungua mwavuli mweupe kati ya jua na ua.

Maua meupe yana shida inayokuja kwa njia mbili. Ua dogo jeupe kwenye majani meusi huungua, kwa hiyo punguza. Lakini ukisogea hadi weupe ujaze fremu yote, kamera itaufanya kijivu, na hapo unaongeza, stopu moja hivi. Mtu akikupa namba moja ya kutumia kwa maua meupe yote, hajawahi kuyapiga.

Kwa kuwa umetaja Kniphofia: usiiandike mshubiri, kosa tunaloliona kila msimu. Jani la mshubiri ni nene, lina utelezi ndani na kwa kawaida meno pembeni. La Kniphofia ni jembamba kama jani la mtete, limekunjwa katikati kama mtumbwi. Kwenye kichwa chake vimrija vya chini hufunguka kwanza na kupauka kuelekea njano wakati vya juu bado vyekundu, kwa hiyo pima mwanga kwenye vile vya juu.

Kwa nini yale maua makavu ya juu ya Horombo, yanayofanana na karatasi, asubuhi yamefumba? — Msomaji, Arusha

Ni Helichrysum, na hayajalala, yamelowa. Hizo unazoziona kama petali ni brakti kavu, nazo hujikunja zikipata unyevu na kujinyoosha zikikauka, hata kwenye ua lililokufa. Subiri jua lipige saa moja au mbili. Maua halisi ni yale madogo yaliyosongamana katikati, kwa hiyo fokasi iwe pale. Yale yenye brakti za waridi ni Helichrysum meyeri-johannis.

Nimenunua lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100. Nikipata stigma (ncha ya ua inayopokea chavua), petali zinapotea. Nikipata petali, upepo unavuma. Nifanyeje? — Msomaji, Iringa

Hesabu kwanza, ili usiilaumu lenzi. Kwa kamera ya fremu kamili, ua likionekana nusu ya ukubwa wake halisi kwenye kihisio (kibao kinachopokea picha), tundu la lenzi la f/4 linakupa unene mkali wa milimita 1.4 tu. Kwa f/8 ni karibu milimita 3, kwa f/16 karibu 6. Ua la Impatiens ni nene kuliko hapo. Usikimbilie f/22, maana tundu likiwa dogo kupita kiasi picha nzima inalegea. Kaa f/8 hadi f/11, halafu geuza kamera, si tundu: ukiweka kihisio sambamba na sehemu unayotaka ionekane, milimita 3 zinatosha kwa mengi. Rudi nyuma pia. Umbali ukiongezeka mara mbili unene unakua kwa haraka, na picha utaikata nyumbani.

Upepo wa mlimani una ratiba. Kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi mara nyingi hewa imetulia. Mteremko ukishapata joto, upepo hupanda na mawingu nyuma yake. Tatizo ni kwamba baadhi ya maua wakati huo bado hayajafunguka, hivyo asubuhi piga lobelia na okidi, yanayofumba yaache kwa baadaye. Baada ya saa 3 panda kijiti kando ya mmea, funga kibanio cha nguo kilichovishwa sponji, ushike kikonyo chini ya ua. Kwa okidi kijiti kiwe mbali, sentimita 20 au zaidi, usitoboe viazi. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) iende 800 au 1600 bila woga. Chenga unaweza kuzipunguza, mtikisiko hauna dawa.

Wenye simu msijisikie mmeachwa. Tumieni ukuzaji mara mbili mkiwa umbali wa sentimita 20, badala ya kubandika simu kwenye ua hadi kivuli chake kilifunike. Kioo cha kukuzia cha mara 10, kile cha wanabotania, kikishikwa mbele ya lenzi ya simu kinafanya kazi ya makro. Fokasi huja kwenye sentimita 2 hadi 3 na vinyweleo vya jani unavihesabu.

Miti ile mikubwa ya Barranco, Kilimanjaro, ni Senecio au Dendrosenecio? Na hawa kina meyeri, telekii, johnstonii ni akina nani? — Msomaji, Nairobi

Andika Dendrosenecio. Ilitenganishwa na Senecio miaka ya 1970, na vitabu vya kabla ya hapo vina jina la kale. Mmea ni uleule. Ya Barranco ni Dendrosenecio kilimanjari, na jamaa yake johnstonii hukaa chini zaidi. Majani makavu yanayovaa shina usiyatoe ili picha ipendeze. Ndiyo blanketi lake la usiku.

Majina hayo ni ya wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19: Hans Meyer aliyefika kilele cha Kibo 1889, Teleki aliyepanda Mlima Kenya 1887, Johnston aliyekuwa Kilimanjaro 1884. Decken na Thomson nao wamo. Waliowabebea mizigo na kuwaonyesha njia hawamo kwenye ua hata moja katika haya tuliyoyataja leo.

Kamera yangu iliingia ukungu ndani ya lenzi kule Horombo, na betri ikafa ikiwa na asilimia 60. — Msomaji, Dodoma

Uliingia nayo ndani ya banda la chakula. Kamera iliyopoa nje ikikutana na hewa yenye joto na pumzi za watu ishirini, mvuke hugeuka matone ya maji juu ya kioo na ndani yake kama kwenye chupa ya soda. Kabla ya kuingia, itie kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga, na usiufungue kwa dakika 30 hadi 60. Matone yatatokea juu ya mfuko. Kama ukungu umeshaingia, usibadilishe lenzi wala usiipashe motoni; iache mahali pakavu pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya.

Betri haikuisha. Baridi hupunguza uwezo wake wa kutoa umeme, nayo ikipata joto hurudi. Ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, ubadilishane nayo kila moja inapozimika, na usiku zote mbili zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia.